Risiva za satelaiti kwenye matuta ya mabwawa: tuanze na nguzo, mashine ifuate

Mpimaji wa Mafinga (mwanzisha uzi)

Wakuu, kamwene.

Kwa misimu sita sasa nimekuwa nikipima mwendo wa tuta la bwawa moja la udongo huku Mufindi. Ninaandika uzi huu kwa sababu mwaka huu watu watatu wanaosimamia mabwawa wameniuliza, kila mmoja kwa wakati wake, swali lile lile: tununue risiva ipi, yaani kile chombo kinachopokea mawimbi ya satelaiti na kutueleza tuta limesogea kiasi gani? Swali hilo si baya, ila limewahi mno. Kabla ya risiva kuna jambo ambalo likikosewa halitibiwi na mashine yoyote, hata iwe na bei ya nyumba, nalo ni mahali itakaposimama ile risiva ya pili, ambayo haikai juu ya tuta.

Kwanza nieleze tunachokitafuta. Tuta la udongo au la mawe hudidimia kwa uzito wake lenyewe tangu siku linapomalizika kujengwa. Maji yakijazwa kwa mara ya kwanza, upande unaolowa hujipanga upya, na msukumo wa maji hulisogeza tuta kidogo kuelekea bondeni. Tuta lililoshindiliwa vizuri kwa kawaida hupoteza chini ya asilimia 1 ya kimo chake baada ya ujenzi, kwa hiyo tuta la mita 15 likididimia kwa sentimita chache katika maisha yake yote hakuna cha kushangaza. Kinachoangaliwa zaidi ya kiasi ni mwenendo: mwaka wa kwanza hushuka sana, wa pili kwa kiasi pungufu, na kufikia wa tano au wa sita unatafuta milimita kwa tochi. Kasi ikiacha kupungua, au ikianza kupanda baada ya miaka ya utulivu, au sehemu moja ya tuta ikishuka huku jirani yake imetulia, hapo pana habari ambayo ni lazima mhandisi aisikie siku hiyo hiyo.

Kushuka kwa katikati ya tuta kuna hatari nyingine ambayo watu huisahau. Kimo cha akiba kati ya usawa wa maji na kilele cha tuta hupungua pale pale tuta lilipo refu zaidi, na mafuriko yakija maji hupita juu mahali hapo. Udongo haustahimili maji yanayopita juu yake. Mabwawa mawili ya Derna nchini Libya, ambayo yote yalikuwa ya matuta, yalivunjika usiku mmoja wa Septemba 2023 baada ya maji ya tufani kupita juu yake. Jirani zetu wa Solai, Nakuru, walipoteza zaidi ya watu 40 mwezi Mei 2018 tuta la bwawa la shamba lilipobomoka wakati wa masika. Sisemi kwamba risiva ingewaokoa. Ninasema kwamba tuta ambalo hakuna anayejua kimo chake cha leo ni tuta linaloangaliwa kwa macho matupu.

Sasa nije kwenye satelaiti. Simu yako hukosea kwa mita kadhaa kwa kuwa inasoma msimbo tu unaotumwa na satelaiti. Risiva ya upimaji husoma pia wimbi lenyewe linalobeba msimbo huo. Wimbi la kwanza la GPS lina urefu wa sentimita 19 hivi, na risiva nzuri husoma takriban sehemu moja ya mia ya wimbi hilo, yaani milimita 2, ingawa satelaiti iko kilomita 20,200 juu yetu. Milimita hizo hazikufikii safi, kwa sababu njiani wimbi hucheleweshwa na tabaka la juu lenye chembe za umeme, kisha na hewa yenye unyevu huku chini, na saa za satelaiti na za risiva nazo zina makosa yake. Dawa yake ni kusimamisha risiva mbili kwa wakati mmoja, moja kwenye tuta na nyingine mahali pasipotembea, na kuzitoa hesabu zake moja kwa nyingine. Zikiwa ndani ya kilomita moja au mbili, makosa yale huwa karibu sawa kwa zote mbili, na sehemu kubwa hufutika.

Kwa hiyo kipimo cha satelaiti, kwa kazi hii, ni tofauti kati ya nguzo mbili. Nguzo ya rejea, yaani ile iliyo mahali pasipotembea, ikititia milimita 10, tuta litaonekana limepanda milimita 10, na programu itakuandikia matokeo hayo kwa kujiamini kabisa.

Mwaka wangu wa tatu nilifungua matokeo nikakuta alama zote saba za kileleni zimepanda zaidi ya milimita 20. Tuta halipandi hivyo. Nilirudi kwenye daftari siku nzima, nikashuku nguzo, nikashuku hata udongo kuvimba. Mwishowe nikagundua kwamba antena ya nguzo ya rejea ilikuwa imebadilishwa na aina nyingine, na mimi nilikuwa nimeingiza kimo chake kwa kupima hadi ukingo wa chini wa antena, ilhali programu ilitarajia kimo hadi kituo cha umeme cha antena, yaani nukta inayohesabiwa kuwa ndipo wimbi linapopokelewa, ambacho hutofautiana kati ya aina na aina. Tangu siku hiyo kila antena ina nguzo yake na haihamishwi, na kimo hupimwa mara mbili na watu wawili tofauti kabla hatujawasha chochote.

Nguzo zenyewe tulizijenga hivi. Mbili za rejea ziko kwenye mwamba pande zote mbili za bonde, mbali na tuta na mbali na ukingo wa maji, kwa sababu uzito wa maji yenyewe hukandamiza ardhi ya karibu. Ya tatu iko mbali zaidi ili kuzichunguza hizo mbili. Nguzo ya rejea ikiwa moja, siku ikitembea huna shahidi. Juu ya kila nguzo kuna bamba la chuma lenye skrubu, antena hukaa pale pale kila safari bila tripodi. Na kuna kosa letu ambalo yeyote anayeishi karibu na misitu ya Sao Hill atalielewa: nguzo moja tuliiweka mahali peupe, miche ya misonobari ikiwa magotini, na leo misonobari hiyo imefunika nusu ya anga. Nguzo hujengwa kwa miaka 30, kwa hiyo uliza kwanza ni nani mwenye shamba la jirani na anakusudia kupanda nini.

Karibuni kwa maswali na kwa marekebisho.

Injinia wa Uyole

Ahsante kwa uzi, mkuu. Nina pingamizi moja la kitaaluma. Mashine ya levo ya kidijitali, yenye mtu anayeijua na mita yake (ile fimbo ya vipimo inayosomwa na mashine) iliyopimwa vizuri, hutoa kimo kwa usahihi wa chini ya milimita moja kwenye tuta la mita 300, na bei yake ni ndogo kuliko jozi ya risiva. Ninyi mnapima kimo kwa chombo ambacho kimo ndicho udhaifu wake. Kwa nini tusiseme wazi kwamba kwa mabwawa madogo ya kwetu levo inatosha?

Mpimaji wa Mafinga

Mkuu, sehemu kubwa ya pingamizi lako ninaikubali bila kinyongo. Kwa kimo peke yake levo inaishinda satelaiti, na sisi wenyewe tunapitisha levo kileleni kila Oktoba. Kimo cha satelaiti huwa na makosa makubwa mara moja na nusu hadi mara tatu kuliko ya pande za mlalo, na sababu yake ni rahisi: satelaiti zote tunazozisikia ziko juu yetu, zile za chini zimezibwa na dunia, kwa hiyo hakuna kinachoshika kipimo kutoka chini. Risiva iliyokaa saa 24 kwenye nguzo nzuri hutoa milimita 1 au 2 kwa mlalo na milimita 3 hadi 5 kwa kimo. RTK ya kutembea na fimbo, yaani risiva iliyo juu ya fimbo inayotoa jibu papo hapo, hata vitabu vya watengenezaji hutaja kama milimita 8 kwa mlalo na 15 kwa kimo, kabla hujahesabu mkono unaotetemeka na kiputo cha fimbo. Hiyo nawaomba watu wasiitumie kabisa kwa kazi hii, kwa sababu tuta linaloshuka milimita 5 kwa mwaka litajificha ndani ya makosa ya fimbo kwa miaka mitatu mizima.

Lakini levo haikuambii kwamba mteremko wa upande wa bondeni unateleza kwenda mbele. Hilo ni jambo la mlalo, na ndilo lililokuwa likinikosesha raha kwenye bwawa letu. Mashine ya kupima pembe na umbali hulifanya vizuri sana, ila huku kwetu ukungu wa Mei hadi Agosti hukaa bondeni hadi saa nne asubuhi, siku nyingine kutwa nzima, na mashine inayohitaji kuona prizimu, kile kioo cha kuirudishia mwanga wake, haioni kitu. Mawimbi ya satelaiti hupita kwenye ukungu bila shida. Faida nyingine ni kwamba risiva iliyojengewa pale pale hupima usiku wa mvua kubwa, wakati ambapo hakuna mpimaji atakayepanda juu ya tuta, wala asipande.

Binti wa Ilula

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa upimaji ardhi mwaka wa tatu. Tumefundishwa kwamba siku hizi risiva moja inaweza kutoa nafasi yake bila ya pili, kwa kutumia taarifa sahihi za njia na saa za satelaiti. Je, hiyo haiondoi kabisa tatizo la nguzo ya rejea?

Mpimaji wa Mafinga

Marahaba, binti. Swali lako ni zuri, na jibu lake huwashangaza wengi. Njia hiyo hukupa nafasi yako kwenye mfumo wa rejea wa dunia nzima, na katika mfumo huo Tanzania haijatulia. Ardhi yetu inasafiri kuelekea kaskazini mashariki kwa karibu sentimita 3 kila mwaka. Ukipima tuta hivyo kwa miaka mitano utakuta limehama kama sentimita 15, na kama hujui habari hii unaweza kuamuru watu wahame bondeni bila sababu. Ni bwawa, kijiji na mlima vyote vilivyosafiri pamoja.

Kwa kwetu kuna nyongeza, kwa sababu matawi ya Bonde la Ufa hukutana karibu na Mbeya, na ardhi ya pande tofauti haiendi kwa kasi ile ile. Nchi hii hutikisika pia: tetemeko la Rukwa la Desemba 1910 lilikuwa na ukubwa wa takriban 7.4, na mwishoni mwa 2009 Karonga nchini Malawi, ng'ambo ya mpaka, ilitikiswa kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana tofauti kati ya tuta na mwamba wa karibu ni salama zaidi kuliko namba ya dunia nzima. Njia ya risiva moja tunaitumia kwa kazi moja tu, ambayo ni kuikagua nguzo ya tatu kila mwaka.

Kwa kuwa uko shuleni, nikuongezee mawili ya vitendo. La kwanza, ukanda wetu hauko mbali na ikweta ya sumaku ya dunia, na baada ya jua kuzama, hasa miezi ya karibu na Machi na Septemba, tabaka la juu huchafuka na mawimbi hutetemeka hadi risiva inayapoteza. Kama unapima kwa saa chache, usipime kati ya saa moja jioni na saa sita usiku. La pili, satelaiti za GPS hurudia mahali pale pale angani kila baada ya saa 23 na dakika 56, kwa hiyo makosa ya mawimbi yaliyodunda kwenye uzio au kwenye maji hurudi kila siku dakika nne mapema zaidi. Ukiona kilima kile kile kwenye mchoro wako kikirudi hivyo, tuta halina hatia.

Mzee wa Ubaruku

Wanangu, nimesoma yote, na mengine nimesomewa. Mimi ni mkulima wa mpunga na nimo kwenye kamati ya skimu yetu huku Mbarali. Tuna bwawa dogo la udongo linalotulindia maji ya kiangazi. Risiva hatuna na fedha yake hatuna. Tangu Agosti kuna ufa umetokea juu ya tuta, unakwenda sambamba na tuta lenyewe, kama hatua 20 hivi, na kidole kinaingia. Chini ya tuta pana maji yanayotoka siku zote tangu lijengwe. Mafundi wetu wanasema tufungulie maji yote tuone. Mnasemaje?

Injinia wa Uyole

Mzee, shikamoo. Nakuomba kwa heshima zote msifungulie maji yote kwa mara moja. Maji yakishuka haraka, udongo wa upande wa maji hubaki umelowa na mzito huku maji yaliyokuwa yakiushikilia yameondoka, na mteremko huo unaweza kuteleza ndani ya siku moja. Kama itabidi kupunguza, punguzeni pole pole, kwa maelekezo ya mhandisi aliyefika hapo.

Ufa unaokwenda sambamba na tuta, kwenye kiangazi, mara nyingi ni udongo wa mfinyanzi uliokauka, au ni pande mbili za tuta zilizoshuka kwa viwango tofauti, ila unaweza pia kuwa mwanzo wa mteremko kuteleza. Ufa unaolikata tuta kutoka upande wa maji hadi upande wa bondeni ndio unaotisha zaidi, kwa sababu ni njia tayari kwa maji. Leo hii pigeni vigingi viwili vya chuma, kimoja kila upande wa ufa, katika sehemu tatu, mpime umbali kati yake kwa utepe kila asubuhi na kuandika pamoja na usawa wa maji. Zibeni ufa kwa turubai mvua isiingie, ila msijaze udongo kabla haujakaguliwa.

Maji ya chini ya tuta yapimeni kwa ndoo na saa. Andikeni ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde ngapi, na mtie maji kidogo kwenye chupa nyeupe. Yakiwa safi na kiasi hakibadiliki, ni hali ya kawaida ya tuta la udongo. Yakianza kuwa na tope, hiyo ni dharura: waondoeni watu bondeni kwanza, simu zifuate. Bwawa la Teton huko Marekani, tarehe 5 Juni 1976, lilionekana likitoa maji yenye tope asubuhi, na kabla ya saa sita mchana lilikuwa limekwisha kubomoka. Vipimo vyetu vya milimita kwa mwaka visingesaidia kitu siku ile, na hili ninaliandika ili mwanzisha uzi naye alitilie mkazo.

Mpimaji wa Mafinga

Ninalitilia mkazo. Maji yanapokula tuta kutoka ndani, kilele kinaweza kukaa kimya hadi saa ya mwisho. Ndoo na chupa ya mzee ni kipimo cha kwanza, satelaiti ni ya tatu au ya nne.

Mzee, shikamoo. Mbarali imo katika Bonde la Rufiji, na ofisi ya bodi ya maji ya bonde hilo iko Iringa mjini. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inagusa usalama wa mabwawa, kwa hiyo mnapopeleka taarifa mnatimiza wajibu, hamwombi hisani. Pelekeni daftari la vigingi na la ndoo, hata kama lina siku kumi tu.

Rada na Mawe

Nichangie upande wa rada za angani, kwa kuwa watu wa Mzee Ubaruku hawatalipia data yake. Satelaiti ya Sentinel-1 ya Ulaya, ambayo ya kwanza ilirushwa 2014, hupiga picha za rada mahali pale pale kila baada ya siku 12, na picha hizo hutolewa bure. Kwa kulinganisha mawimbi yake ya sentimita 5.6 mtu huona milimita za kushuka kwa ardhi. Bwawa la Mosul nchini Iraki, lililojengwa juu ya miamba inayoyeyuka, limefuatiliwa sana kwa njia hiyo.

Ila kuna mipaka miwili. Tuta lenye majani marefu, kama mengi ya mashamba ya chai, hubadilika sura kati ya picha na picha, na kipimo hupotea. Tuta la mawe matupu hufanya vizuri zaidi. Pili, rada hiyo hutazama kwa upande, karibu mashariki au magharibi, kwa hiyo mwendo wa kaskazini na kusini hauuoni vizuri. Tuta lililojengwa kutoka mashariki kwenda magharibi husukumwa na maji kuelekea kaskazini au kusini, na huo ndio mwendo ambao rada haiuoni. Hapo risiva haina mbadala.

Mzee wa Ubaruku

Nimerudi baada ya wiki mbili na siku kadhaa. Vigingi havijaachana hata unene wa kucha. Ndoo inajaa kwa sekunde zile zile na chupa ni nyeupe. Mhandisi kutoka bonde alifika, akachimba ufa hadi kiunoni, akasema umekoma hapo na ni ukavu, utachimbuliwa na kushindiliwa upya kabla ya mvua za Novemba. Ameshauri tujenge nguzo mbili ili mtu mwenye levo au risiva akija siku moja apate pa kuanzia. Udongo wetu ni ule mweusi wa mbugani. Tuchimbe kina gani?

Mpimaji wa Mafinga

Mzee, nimefurahi sana kusoma hayo. Udongo mweusi huvimba masika na kupasuka kiangazi, kwa hiyo nguzo iliyosimama ndani yake itapanda na kushuka kila mwaka na kuwadanganya. Kwanza tafuteni kama kuna kilima cha mawe ndani ya kilomita moja au mbili, hata kikiwa upande usio na njia, mkajenge hapo. Kama hakuna, angalieni nyufa za mwezi huu zinaishia kina gani, mchimbe kupita hapo hadi kwenye udongo mgumu usiobadilika, kisha kabla ya kumwaga zege mvishe shimo bomba pana la plastiki katika sehemu yote ya juu, ili udongo unaovimba uliguse bomba na usiishike nguzo. Juu ya nguzo wekeni nondo yenye kichwa cha duara kilichosuguliwa, kwa ajili ya mita ya levo. Zege limwagwe sasa, lipite masika moja, na kipimo cha kwanza kiwe Juni. Nitakuja mwenyewe na levo.